Laptop ni yangu, kufuli ni la ofisi, na ufunguo haugeuki

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala, nafanya kazi kwenye kampuni ya uwakala wa forodha mjini, karibu na bandari. Jina langu naomba usilitaje, na la kampuni nimelificha makusudi.

Kazini kila mtu anatumia laptop yake. Ya kwangu niliinunua kwa mkopo na nimeulipa wote. Mwaka jana ofisi iliibiwa kompyuta mchana kweupe, watu wakiwa wameenda kula. Bosi akaagiza makufuli, yale yenye waya wa chuma: waya unazungushwa kwenye mguu wa meza, kichwa kinaingia kwenye katundu kadogo pembeni mwa laptop. Tukafungiwa wote. Ufunguo anao kijana wa IT, mmoja tu, unaofungua yote. Asubuhi anatufungia, jioni anapita meza kwa meza anatufungulia, kila mtu anaondoka na mashine yake.

Mwezi uliopita, jioni moja, kufuli langu likakataa. Ufunguo uliingia vizuri, ukageuka kidogo, kisha ukagonga. Kijana akajaribu tena, akatikisa, akasema, "Limejam hili, nitalishughulikia kesho." Kesho hiyo ninaisubiri mpaka leo. Na makufuli ya wenzangu wote yanafunguka kwa ufunguo uleule.

Mama, mimi naandika utafiti wangu wa shahada ya uzamili. Nilikuwa naandika nyumbani usiku watoto wakishalala. Sasa inabidi nibaki ofisini mpaka saa mbili, siku nyingine saa tatu, ndipo nianze kugombea daladala. Mume wangu mwanzoni alinionea huruma. Siku hizi nikifika ananipokea mkoba bila neno.

Nilikwenda kwa dada wa utawala. Akaniambia kufuli ni mali ya kampuni, limo kwenye daftari, likikatwa lazima mtu alilipe, na nikilikata mwenyewe nitakatwa kwenye mshahara. Nikamuuliza, na laptop yangu je? Akasema hiyo haimo kwenye daftari.

Sasa kuna jambo linaloninyima usingizi. Ofisini tuna mchezo wa kupeana pesa, na kijumbe ni mimi. Kabla ya haya, yule kijana wa IT aliniomba nimsogeze mbele apokee kabla ya zamu yake, kodi ya nyumba ilikuwa imembana. Nikakataa. Nikimsogeza yeye, nitamwambia nini mwenye zamu? Tangu siku hiyo salamu zake ni za mdomoni tu. Roho yangu inaniambia hili kufuli halikujam, limejamishwa.

Mume wangu anasema niache kubembelezana na watu. Anataka Jumamosi aje na fundi mwenye grenda, mlinzi apewe chochote, dakika mbili kazi imekwisha. Mdogo wangu naye kanionyesha video ya mtu anayefungua kufuli la namna hiyo kwa bomba la kalamu.

La mwisho halijulikani ofisini. Nimepata kazi Tanga, naanza Septemba. Barua ya kuacha kazi sijaandika, kwa sababu kule bado nasubiri mkataba. Naogopa nikianza kung'ang'ania laptop yangu itoke watashtuka. Nikinyamaza, nitahamaje mji na laptop yangu imefungwa kwenye meza ya watu? Na tangu waisogeze hiyo meza kupisha kabati jipya, waya umevutika mpaka mwisho, hata kuigeuza laptop nimwonyeshe mtu kitu siwezi.

Nikate, nisubiri, au nimkabili yule kijana?

Niliyefungiwa, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nisamehe, pale kwa dada wa utawala nimecheka. Kisha nikasoma habari ya kugombea daladala saa tatu usiku na mume anayepokea mkoba bila neno, nikaacha kucheka. Kitu chako ulichokitolea jasho kiko mbele ya macho yako kila siku, unakishika, unakitumia, ila huwezi kuondoka nacho, na kila unayemwendea anakuelekeza kwa mwingine. Hilo linachosha kuliko hata kufuli lenyewe. Na juu yake kuna siri mbili, ya mchezo na ya Tanga, ambazo zinakufanya ushindwe kupaza sauti kama ambavyo mtu mwingine angefanya.

Naomba nianzie kwenye sentensi yako ya mwisho kabla ya swali, ile uliyoiandika kama mtu aliyekumbuka akiwa mlangoni. Meza ilisogezwa, na waya umevutika mpaka mwisho. Ilisogezwa lini? Kabla kufuli halijakataa, au baada?

Nakuuliza kwa sababu nimeketi na fundi wa kompyuta ninayemwamini, akanichorea kwenye karatasi jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi. Lile tundu ni dogo, milimita 7 kwa 3, na limekuwa likitengenezwa hivyo tangu miaka ya 1990, ingawa baadhi ya laptop nyembamba za siku hizi zina dogo zaidi. Kichwa cha kufuli kina ulimi wenye umbo la herufi T. Unaingia tundu likiwa limeelekea nao, halafu ukifunga, ulimi unageuka robo mzunguko kwa ndani na kukaa kingamo, ndiyo maana hautoki. Kufungua ni kuurudisha ulimi uelekeane na tundu tena. Sasa waya ukiwa umevutwa kwa nguvu, ulimi unakandamizwa kwenye ukingo wa tundu, unakosa nafasi ya kurudi. Mtu atachomeka ufunguo, utaingia vizuri, utageuka kidogo, kisha utagonga.

Ni maneno yako hayohayo. Sikutia langu.

Fundi alinipa na sababu nyingine. Ufunguo mmoja unaofungua makufuli ya ofisi nzima, kila asubuhi na kila jioni, unalika. Kufuli ambalo matundu yake yako sawasawa kabisa litaendelea kuuvumilia, lenye kasoro ndogo litakuwa la kwanza kuukataa. Na ninyi mko karibu na bahari. Upepo wenye chumvi unaotafuna mabati ya paa haushindwi kuingia kwenye zile pini ndogo zilizopangwa duara ndani ya kufuli.

Kwa hiyo, kufunguka kwa makufuli ya wenzako hakuthibitishi kwamba la kwako limechezewa. Mtu aliyetaka kukukomoa angeweza kutia gundi, na gundi ingezuia ufunguo hata usiingie. Wa kwako unaingia. Siapi kwamba kijana hana kinyongo, mimi siyo niliyeko naye ofisini. Huenda hakuharibu kitu, ila kwa sababu ya kinyongo ile "kesho" yake anaisogeza mbele kwa raha. Hayo ni makosa mawili tofauti, na ukimwendea kwa la kwanza wakati kosa lake ni la pili, utakuwa umempa sababu ya kukasirika kwa haki.

Ukiamua kujaribu pamoja naye, na nasema pamoja naye kwa sababu ufunguo ni wake na mashahidi ni wazuri, njia yenyewe haihitaji ubingwa. Izimeni laptop, chomoeni chaja. Msogeze meza au laptop mpaka waya ulegee kabisa. Wewe ushike laptop isicheze, yeye asukume kichwa cha kufuli kwa kidole gumba kuelekea laptop, kisha ageuze ufunguo taratibu, kidogo huku, kidogo kule. Ufunguo wa namna hiyo ni wa bomba na una kinundu kidogo kinachotakiwa kukaa kwenye mfuo wake; usipokaa sawa hautageuka hata mkivuta wanne. Koleo ziwekeni mbali. Ufunguo ukikatikia humo ndani mtakuwa na matatizo mawili.

Mafuta ya kupuliza msipulizie kwenye kufuli likiwa limeshika laptop. Tundu lile limefunguka kuelekea ndani ya mashine, na kinachotiririka humo kinaweza kufika kwenye bodi. Kama ni lazima kulainisha, pakeni tone la mafuta mepesi kwenye ncha ya ufunguo, futeni, ndipo mchomeke. Wengine husugua ufunguo kwa penseli, nayo husaidia, ila msipulizie ule unga mweusi kwa sababu unapitisha umeme.

Kuna kitu kingine hukukigusia. Makufuli ya namna hii huuzwa kila moja na funguo zake, kwa kawaida mbili, hata yanapokuwa na ufunguo mkuu wa kufungua yote. Za kwenu ziko wapi? Nina hisia kwamba ziko kwenye boksi stoo, juu ya kabati, hazijawahi kuguswa. Ufunguo mpya wa kufuli lako, usiolika, ungeweza kumaliza habari hii jioni moja. Na hata zikiwa zimepotea, mara nyingi kuna namba iliyochongwa kwenye ufunguo au kufuli, ambayo muuzaji anaweza kuitumia kuagiza mwingine kwa watengenezaji. Hilo linachukua muda, Septemba inaweza kukukuta.

Sasa Jumamosi ya mume wako. Namwelewa. Amechoka kukungoja, na mwanaume aliyechoka kungoja hupenda chombo chenye kelele. Lakini grenda inatoa cheche na joto, na ndani ya laptop kuna betri ya lithiamu ambayo haitaniwi kwa moto. Kichwa cha kufuli kikichemka, plastiki inayokizunguka ndiyo itakayoanza kulegea. Kama ni kukata, kinachokatwa ni waya, mbali na mashine, kwa ule mkasi mkubwa wa kukatia nondo. Kichwa kitabaki kimening'inia kwenye laptop kama hereni, lakini utaondoka nayo, na fundi ataifungua kwa chini aone kama anaweza kukitoa kwa ndani. Kwenye baadhi ya mashine lile tundu liko kwenye kibati kinachofungwa kwa skrubu, kwenye nyingine limeunganishwa na gamba la nje, kwa hiyo usimkubali fundi anayekutajia bei kabla hajaifungua.

Hatari inayonitisha zaidi lakini siyo ya cheche. Hiyo ni ofisi iliyoibiwa kompyuta mwaka jana. Wewe, mume wako, mtu mwenye grenda, mlinzi aliyepewa chochote, siku isiyo ya kazi. Jumatatu ikionekana kuna kitu kingine kimepotea, hata kama ni chaja ya mtu, utaeleza nini? Na baada ya wiki chache unaleta barua ya kuacha kazi.

Video ya mdogo wako nayo ina chembe ya ukweli. Mwaka 2004 huko Marekani ilienea habari kwamba makufuli ya baiskeli yenye ufunguo wa bomba yanafunguliwa kwa kalamu ya kawaida, ikawa aibu kubwa kwa watengenezaji. Lakini kufuli ambalo halifunguki kwa ufunguo wake kwa sababu ulimi umebanwa, halitafunguka kwa kalamu, maana kalamu inadanganya pini tu, ulimi uliobanwa haiulegezi. Utabaki na plastiki imekwama humo na mtu wa pembeni anakuuliza unafanya nini.

Niongeze moja ambalo ofisi nyingi hazilifikirii. Mguu wa meza hiyo una ubao au chuma cha kukingama chini? Kama hauna, watu wawili wakiinyanyua meza, kitanzi cha waya kinatoka chini ya mguu, na unaondoka na laptop yako na kufuli lao. Nimeandika hivyo kwa makusudi: na kufuli lao. Usipite nalo getini bila karatasi ya kukuruhusu kutoka na mali ya kampuni, iliyosainiwa.

Hapo tunarudi kwa dada wa utawala. Anaonekana mtu wa daftari, na mtu wa daftari huzungumza vizuri na karatasi kuliko na mdomo. Unaweza kumwandikia barua ya nusu ukurasa: kufuli lilikataa tarehe fulani, laptop ni yangu na risiti ninayo, naomba ofisi ilifungue au iniruhusu kwa maandishi likatwe. Kuhusu kitisho cha mshahara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa sababu ya hasara hivihivi tu. Mfanyakazi anatakiwa awe amekubali kwa maandishi, aelezwe hasara ni ipi na kiasi gani, na apewe nafasi ya kujitetea. Sikuambii uende ukamtajie vifungu. Nakuambia ili usiende kwake ukiwa umeinamisha kichwa. Au huenda ukaona ni rahisi zaidi kulilipia hilo kufuli mwenyewe kwa hiari yako, kwa makubaliano ya maandishi, kwa kuwa bei yake ni ndogo sana mbele ya laptop na mbele ya hizo saa tatu za usiku. Kuna watakaosema huko ni kujidhulumu. Wewe ndiye unayejua amani yako ina thamani gani mwezi huu.

Ila hii ya kubaki ofisini usiku, hebu tuitazame. Kufuli limeshika mashine, mafaili halijayashika. Hukuniambia kama umeuhamishia utafiti wako kwenye flashi, au kwenye barua pepe yako. Kama bado, fanya hivyo leo kabla hata hujamaliza kusoma jibu hili, maana fundi yeyote atakayeigusa mashine hiyo anaweza kuipoteza kazi yako kwa bahati mbaya. Ukishahamisha, kompyuta ya kuazima kwa jirani au kwa shemeji inaweza kukurudisha nyumbani mapema, hata kama ni nzee na inakwenda polepole. Unapohamisha, ya wateja wa kampuni usiyachukue. Nyaraka za forodha zina majina na namba za watu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, hilo siyo jambo la kuchukulia kirahisi, hasa kwa mtu anayehamia kwenye kazi nyingine.

Tumebaki na Tanga. Unasema ukidai laptop watashtuka. Labda. Lakini mtu aliyekaa mwezi mzima amefungiwa mali yake bila kulalamika, huyo ndiye angenishtua mimi kama ningekuwa bosi. Kudai chako ni jambo la kawaida, na sababu uliyonayo, utafiti na watoto, ni ya kweli na inatosha; hulazimiki kuongeza nyingine. Na siri yenyewe ina mwisho wake kwenye kalenda. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi isiyopungua siku 28, na mkataba wako unaweza kutaka zaidi, usome. Hesabu kurudi nyuma kutoka Septemba uone barua yako inaangukia lini, na kama huo mkataba wa Tanga utakuwa mkononi siku hiyo. Kusubiri usaini kwanza ni busara, sikulaumu. Lakini ujue pia kwamba siku utakapotoa barua, utatakiwa kufanya makabidhiano, na dada wa daftari ndiye atakayekuwa anakutafuta wewe ili apate kufuli lake.

Kuna makabidhiano mengine ambayo barua yako haikuyataja hata kidogo, nami nimeyafikiria kuliko yote. Wewe ni kijumbe, na unaondoka. Mzunguko unaisha lini? Zamu ya yule kijana iko kabla ya Septemba au baada yake? Kama ni baada, basi kodi yake ya nyumba imo mikononi mwa mtu anayejiandaa kuhama mji, naye hajui. Wenzake pia hawajui. Simaanishi kwamba una nia mbaya; mtu aliyekataa kuvuruga zamu kwa ajili ya huruma hawezi kuwa mtu wa kukimbia na pesa za watu. Lakini siku wakisikia habari za Tanga kwa mdomo wa mtu mwingine, sijui wangapi watakumbuka hilo.

Kwa hiyo unapofikiria kumkabili, fikiria pia unamkabili kwa habari ipi. Unaweza kumwita chai, ukamwambia tu, "Mdogo wangu, tangu lile suala la zamu naona hatuko sawa, na mimi nahitaji msaada wako kwa hili kufuli." Akiwa na kinyongo atakuwa amepata mlango wa kukisema. Akiwa hana, atashangaa, na huenda jioni hiyohiyo akaja kusukuma hiyo meza. Unaweza pia kuamua kutokwenda kwake kabisa, ukapitia kwa dada wa utawala na boksi la funguo, ukamwacha na salamu zake za mdomoni. Ukienda njia hiyo, tafuta kwanza ni nani kati ya wanamchezo wenzako anaweza kupokea daftari la michango, kwa sababu huyo itabidi umwambie mapema kuliko bosi.

Ukipata nafasi, niandikie unieleze hiyo meza ilisogezwa lini.